Valvu ya ekzosi ikikwama, nyundo iweke mbali kwanza

Hii nawaandikia nyie madogo mnaoanza gereji ya pikipiki, hasa nyie mliopewa spana namba 10 na 12 mkaambiwa kaa hapo uangalie fundi anavyofanya. Mimi nilianza hivyohivyo, Korogwe, chini ya mwembe, na kazi iliyoniumiza kuliko zote mwaka wangu wa kwanza ilikuwa valvu ya ekzosi, ule mlango mdogo wa kutolea moshi kwenye injini.

Ilikuwa pikipiki ya mkataba, ile unayomlipa bosi kidogokidogo mpaka iwe yako, jamaa kaileta saa mbili asubuhi anasema kiki imekuwa laini kama ya baiskeli na haiwaki. Fundi mkuu kaenda mjini kufuata spea, mimi nikajiona mkubwa, nikashusha hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, nikatoa springi, nikakuta valvu ya ekzosi imebaki wazi haipandi haishuki, na jamaa kasimama juu ya kichwa changu anapiga hesabu ya bosi wake. Nikachukua nyundo na pini ya chuma. Nikagonga. Ikashuka kidogo nikafurahi, nikagonga tena, kumbe pale juu ncha ya valvu imeshavimba kama uyoga na inaingia kwenye gaidi, kile kibomba kinachoongoza mguu wa valvu, kwa lazima, pigo la mwisho valvu ikatoka na gaidi ikapasuka, hedi nayo ikapata ufa. Nililipa ile hedi kwa kukatwa posho wiki sita, na yule jamaa alipoteza siku tatu za kazi barabarani. Sasa ngoja niwaambie nilichotakiwa kufanya.

Kwanza jua kwa nini ni ya ekzosi na si ya inteki, ile ya kuingizia hewa. Inteki inapitiwa na hewa ya baridi na petroli, inaoshwa kila saa. Ya ekzosi inapitiwa na moshi wa moto mkali, na joto lake linatoka kwa kupitia sehemu mbili tu, pale inapokaa kwenye siti yake na kwenye gaidi. Oili ikiwa imechoka, au sili ya valvu, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa inashusha oili chini, ile oili inaungua kwenye mguu wa valvu inageuka masizi magumu kama lami. Valvu inafunguka vizuri, ila ikitaka kurudi inayavuta yale masizi kuingia ndani ya gaidi, inabana. Ndo maana mara nyingi utaikuta imekwama ikiwa wazi, na ikiwa wazi hakuna kampresheni, yaani hewa haigandamizwi, kiki inakuwa laini.

Kabla hujafungua hedi hakikisha ni yenyewe, maana kiki laini inaweza kuwa ringi, inaweza kuwa gasketi, inaweza kuwa tapeti, ile nafasi ndogo juu ya valvu, imebana. Fungua kifuniko cha tapeti, zungusha injini kwa spana kwenye magneti, polepole, usipige kiki wala usisukume pikipiki kwenye gia, kwa sababu valvu iliyokwama wazi inaweza kukutana na pistoni ikapinda kabisa. Subiri inteki ifunguke ijifunge, halafu ifikishe kwenye alama ya T ya magneti, pistoni iko juu kabisa. Hapo valvu zote mbili zinatakiwa ziwe zimefunga na roka zote, ile mikono inayobonyeza valvu, zicheze kidogo tu. Ukikuta roka ya ekzosi inacheza mno, inalegea hovyo, basi valvu haijarudi. Kwenye zile injini za mtindo wa Honda CG zenye pushirodi, vile vijiti vya kusukuma roka, utakuta hata pushirodi imetoka mahali pake au imepinda.

Haya, hedi iko mezani na springi umetoa. Tatizo la sisi vijana tunataka kuisukuma valvu ijifunge. Usifanye hivyo. Unasukuma masizi yaingie zaidi. Ipeleke upande wa kufunguka, hata milimita mbili tu, ule mguu uliojaa masizi utokeze kwenye njia ya ekzosi, uukwangue na brashi ya waya au kipande cha shaba. Kisha weka oili nyembamba, sisi tulikuwa tunachanganya dizeli na ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) nusu kwa nusu, kama una dawa ya kopo ya kulegeza nati tumia hiyo, iache ilowe. Nikisema ilowe namaanisha usiku mzima, sio ukavute sigara urudi. Asubuhi izungushe kwa mkono kulia kushoto, isogeze juu chini kidogokidogo, ongeza oili. Ikigoma, chemsha hedi nzima kwenye sufuria ya maji kama nusu saa, joto linakwenda kila mahali sawasawa. Moto wa gesi ya kuchomelea achana nao kabisa, alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na haibadiliki rangi kukuonya kama chuma, unashtukia imeshalegea imeinama.

Na kabla ya kuitoa moja kwa moja, pitisha kidole kwenye ncha na kwenye ule mfereji wa loki, vile vipande vinavyoshikilia springi. Ukisikia kuna mkwaruzo au kingo imeinuka, piga tupa laini mpaka iteleze. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Kama ni lazima kugonga basi gonga na kipande cha mti mgumu au shaba, na iwe kugusa tu. Ikihitaji nguvu kuliko hapo jua bado haijalowa.

Ikishatoka usiirudishe tu kwa sababu imetoka. Ivingirishe juu ya kioo cha dirisha, ikiruka imepinda, tupa. Kama imepinda na ulikuta cheni ya taimingi imelegea, basi huenda cheni ilisharuka jino na valvu ikapigwa na pistoni, ukiweka valvu mpya bila kugusa cheni utamuona mteja wiki ijayo kakasirika. Gaidi isafishe ndani, mimi nachukua waya wa klachi uliokatika, nauchambua ncha nauingiza nauzungusha na oili. Usipitishe biti ya drili kwenye gaidi, utaipanua, halafu itakunywa oili na utarudi palepale. Weka sili mpya, ni kitu cha bei ndogo sana, sielewi kwa nini watu wanarudisha ya zamani. Saga valvu na siti yake kwa dawa ya kusagia, osha vizuri dawa yote iishe, funga, mimina petroli kwenye njia ya ekzosi ukae dakika tano. Ukiona unyevu upande wa pistoni rudia kusaga.

Tapeti unapima injini ikiwa ya baridi. Pikipiki nyingi hizi ndogo ekzosi ni 0.08 au 0.10 mm, angalia kitabu chake. Huna fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi? Wembe wa kawaida unakaribia 0.1, wengi tumejifunzia huo. Ila usibane sana kwa kutaka isipige kelele, tapeti iliyobana valvu haikai kwenye siti, haipoi, inaungua.

Kuna kukwama kwingine, kwa kutu. Niliwahi kuletewa Honda XL, zile za zamani walizokuwa wanatembelea mabwana shamba, imekaa stoo Lushoto masika mbili. Ilisimamishwa valvu ya ekzosi ikiwa wazi, unyevu ukapitia kwenye bomba. Hiyo ililowa siku tatu na ikatoka bila kugongwa hata mara moja. Kwa hiyo mtu akikwambia anasafiri, mwambie aisukume kiki taratibu mpaka isikie ngumu aiache hapo, valvu zote zinakuwa zimefunga, na kitambaa cha oili aweke kwenye mdomo wa ekzosi (akumbuke kukitoa jamani).

Mwenye pikipiki mwambie ukweli mapema, kabla hujagusa nati, kwamba hii italala hapa, atafute deiwaka kwa mtu leo, yaani aendeshe pikipiki ya mwingine kwa siku. Atalalamika, wengine wataondoka waende kwa fundi wa pili mwenye nyundo. Waache. Anayebaki ukimkabidhi mwambie arudi baada ya siku nne, asubuhi, kabla hajaiwasha siku hiyo, upime tapeti tena, na hiyo usimchaji.