Ripoti yangu imetoa asilimia 27. Niishusheje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa mwisho, naandika tasnifu. Programu ya kukagua ulinganifu imenipa asilimia 27, na idara yetu inataka isizidi 20. Vyanzo vyote nimevitaja; kila aya ina jina la mwandishi na mwaka mwishoni. Kuna mtu ananiambia ataishusha hadi 8 kwa siku moja, nimlipe tu. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe. Sababu nitakueleza, ila tuanze na hiyo asilimia, maana kila msimu wa tasnifu naulizwa hiyo hiyo, kana kwamba ni homa inayotakiwa kushushwa.

Programu kama Turnitin haijui wizi ni nini. Inachojua ni kutafuta mifuatano ya maneno inayofanana na iliyomo kwenye hazina yake: kurasa za intaneti, majarida, kazi za wanafunzi waliotangulia. Nukuu uliyoifungia alama vizuri inahesabiwa. Orodha ya marejeleo nayo inahesabiwa, mpaka mkaguzi aziondoe kwenye mipangilio. Kwa hiyo 27 inaweza kuwa kazi safi, na 4 ikawa aya nzima ya mtu iliyobebwa kama ilivyo. Mwombe msimamizi wako aiendeshe upya bila nukuu na marejeleo, kisha upitie kipande kimoja kimoja kati ya vile ambavyo programu bado imevipaka rangi kuonyesha vinafanana na vyanzo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni hilo jina la mwishoni mwa kila aya. Sentensi sita, jina moja mwishoni: msomaji atajuaje ipi ni ya mwandishi na ipi ni yako? Na ikiwa zote sita ni maneno yake yale yale bila alama za nukuu, jina halikuokoi. Umekiri kwamba wazo ni lake, lakini bado umedai maneno ni yako.

Tazama sentensi hii niliyoitunga, tuseme ni ya Fulani: “Wanafunzi wanaolala chini ya saa sita husahau haraka walichosoma, hata kama walisoma kwa muda mrefu.” Mwanafunzi anaibadilisha hivi: “Wanachuo wanaopumzika chini ya saa sita hupoteza upesi walichojifunza, hata ikiwa walijifunza kwa kipindi kirefu.” Anaamini ameiandika upya. Hajaandika kitu, amebadilisha nguo, mifupa ni ile ile. Aliyeielewa angefunga chanzo, akasema kwa mpangilio wake: “Fulani (2015) anaona kwamba saa nyingi za kusoma hazimfidii mwanafunzi asiyelala vya kutosha.” Rejeleo limeingia pale pale wazo linapoanza, na mwandishi huyu ameonyesha kwamba anajua kwa nini sentensi ile inamfaa. Penye maneno usiyoweza kuyaboresha, yanukuu na namba ya ukurasa. Mambo ya mkato na mabano, kwa mtindo wa marejeleo wa APA au wa Chicago, utayasoma kwenye mwongozo wa idara. Hayamfukuzishi mtu chuo.

Sasa huyo fundi wako. Ataipitisha tasnifu kwenye programu ya kubadilisha maneno, ndipo istilahi za fani yako zitakapogeuka vichekesho. Mwaka 2021 mtafiti Mfaransa Guillaume Cabanac na wenzake walionyesha makala za kisayansi zilizoharibiwa hivyo, na ndani yake saratani ya matiti ilikuwa imeitwa kitu kama “hatari ya kifuani”. Msimamizi akisoma hayo hahitaji ripoti. Wengine huficha herufi nyeupe katikati ya maneno ili programu isiyatambue, au hupachika herufi za Kirusi zinazofanana na “a” na “o” zetu. Programu siku hizi huziwekea alama. Na akiikagua kazi yako kwa akaunti inayohifadhi kila kinachowekwa, siku unayoiwasilisha rasmi italingana na yenyewe kwa karibu asilimia mia. Wewe ndiye utakayeitwa kujieleza, yeye hapokei simu.

Kuna na hili ambalo wengi wenu mnaliona ni ujanja halali: kuchukua makala ya Kiingereza, kuitafsiri kwa Kiswahili, na kuiweka bila kutaja. Ripoti inatoka na asilimia 3, watu wanapongezana. Tafsiri bila rejeleo ni wizi kamili, na kompyuta kutoiona leo si msamaha. Pál Schmitt alipata udaktari mwaka 1992 kwa tasnifu kuhusu Michezo ya Olimpiki. Miaka 20 baadaye waandishi wa habari waliilinganisha na kazi ya mtafiti Mbulgaria iliyoandikwa kwa Kifaransa, wakakuta kurasa nyingi zimetafsiriwa tu. Machi 2012 chuo kilimvua shahada hiyo. Siku chache baadaye alijiuzulu, na wakati huo alikuwa rais wa Hungaria.