Rügen kwa siku moja kutoka Berlin: nilivyompeleka mama

Mkuu, umeuliza kama mtu aliye Berlin na gari la kukodi anaweza kwenda kisiwani baharini na kurudi siku hiyohiyo akiwa na mama mtu mzima, na kuna aliyekushauri kisiwa cha Sylt. Nakujibu kwa niliyoyapitia, maana mwezi Juni mwaka juzi nilimpeleka mama yangu, mtu wa Tanga, aliyezaliwa na kukulia na bahari mlangoni.

Sylt iache. Haina barabara ya kuingilia. Gari linapandishwa treni pale Niebüll, karibu na mpaka wa Denmark, na kuvushwa juu ya tuta hadi mji wa Westerland kisiwani, dakika kama 35. Kutoka Berlin utakuwa umemaliza nusu siku barabarani hata hiyo treni hujaiona. Ungekuwa Hamburg ningekuambia kisiwa cha Fehmarn, kuna daraja tangu 1963. Kwa Berlin, nenda Rügen, kisiwa kikubwa kuliko vyote Ujerumani.

Njia ni rahisi: barabara kuu ya A11, kisha A20 hadi unapochepuka kwenda mji wa Stralsund, halafu barabara ya B96 hadi darajani. Ni kama saa tatu barabara ikiwa nyeupe. Daraja lenyewe, Rügenbrücke, lilifunguliwa 2007 na halina malipo. Ukivuka ndipo foleni inapokuwa, hasa Jumamosi za kiangazi, siku ambayo wenye nyumba za likizo wanapokezana wageni. Chagua siku ya katikati ya wiki. Sisi tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu asubuhi tulikuwa tumeshaegesha.

Jambo moja nakusihi: usijaribu kukizunguka kisiwa chote. Ramani inadanganya, barabara ni nyembamba na zimepandwa miti pande zote mbili, na unajikuta nyuma ya trekta. Kap Arkona na mnara wake wa taa ni pazuri, ila pako kaskazini kabisa, pangekula mchana wako. Chagua sehemu mbili tu: majabali ya chaki asubuhi, ufuko wa mji wa Binz mchana.

Majabali yako mbuga ya Jasmund. Gari binafsi halifiki pale juu; unaliacha kwenye maegesho ya kijiji cha Hagen, kisha unatembea kilomita kama tatu msituni au unapanda basi. Kwa mama panda basi. Jabali kubwa linaitwa Königsstuhl, mita 118 kutoka baharini, na ni chaki kweli, nyeupe kama ile ya ubaoni. Tangu 2023 kuna njia ya chuma inayoning'inia juu ya jabali, ina kiingilio. Mama alishika reli kwa mikono miwili, akatazama ule weupe na maji ya kijani chini yake, akasema tu "Subhanallah", akanyamaza muda mrefu. Usimpitishe mtu chini ya yale majabali baada ya mvua au theluji kuyeyuka. Chaki inaporomoka: Februari 2005 nguzo maarufu za Wissower Klinken zilianguka baharini.

Binz ndipo nilipofurahi zaidi. Mji una ada ya wageni, Kurtaxe, lipa mapema uwe na amani. Kodisha Strandkorb, kiti cha kusukwa cha watu wawili chenye paa, kwa sababu upepo wa huko haucheki na mtu hata jua likiwaka. Mama alikaa kidogo, akainuka, akaokota kijiti, akakichomeka mchangani pale wimbi linapoishia. Mimi nikajua anachokitafuta. Baada ya saa nzima akaenda kukiangalia. Kijiti kiko palepale, maji palepale.

"Mwanangu, maji ya hapa yanajaa saa ngapi?"

Nikamwambia hayajai wala hayapwi. Bahari ya Baltiki imefungwa karibu pande zote, inaungana na bahari kuu kwa milango myembamba ya Denmark, kwa hiyo kujaa na kupwa hakuingii, labda sentimita chache ambazo jicho halioni. Mtu aliyepanga maisha yake yote kwa bamvua na maji mafu hilo lilimgusa. Alichovya kidole, akaonja. "Na chumvi haina." Kweli, chumvi yake haifiki hata theluthi ya bahari yetu. Akauliza sasa wavuvi wa hapa wanajuaje saa ya kutoka. Tulilizungumza hilo hadi jua likageuka.

Chakula usihangaike: Fischbrötchen, mkate mdogo wenye samaki ndani. Mzee asiyependa samaki wa siki mwombee Backfisch, huyo amekaangwa.

Kuhusu maegesho, mimi nilipigwa faini ya kizembe. Penye alama ya kisahani cha bluu, Parkscheibe, unaweka saa uliyofika kwenye kioo cha mbele, na mshale unasogezwa hadi nusu saa inayofuata. Ukifika saa nne na dakika kumi, weka saa nne na nusu. Mimi sikuweka kabisa, nikidhani ni kwa wenyeji. Uliza kisahani hicho unapochukua gari.

Ondoka Binz saa kumi na moja jioni. Juni kunabaki mwanga hadi baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo utarudi unaona barabara, na paa wanaovuka jioni utawaona mapema. Mbebee mama koti zito, hata kama Berlin asubuhi hiyo kuna joto.