Mkono kutetemeka sio lazima iwe Parkinson

Umeuliza kama mzee kutetemeka mkono ndo Parkinson tayari (ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili), hapana. Angalia unatetemeka wakati gani, ya Parkinson mara nyingi inakuja mkono ukiwa umetulia tu mapajani na inaanzia upande mmoja, ila kuna nyingine ambayo mara nyingi ni ya kurithi, hiyo inatokea akinyanyua kikombe au akiandika, tena mikono yote miwili. Na kutetemeka peke yake hakutoshi aisee, daktari lazima aone mwili umekuwa mzito, anafanya vitu taratibu mno. Halafu mtajieni dawa ZOTE anazotumia (watu wanasahau sana hii), metoklopramaidi ya kichefuchefu au haloperidoli ya magonjwa ya akili zinaweza kuleta dalili hizohizo, ila msimwachishe wenyewe. Mrekodi video akitembea, inasaidia kweli.