Projekti haibebi video zako, dogo

Juzi usiku dogo mmoja wa Mwanza anayesoma makala zangu alinitumia picha ya skrini yake. Premiere Pro, programu yake ya kuhariri video, imejaa wekundu, na tangazo la midia kutopatikana limeandikwa kwa lugha chungu nzima, Kiswahili hakimo. "Kaka, harusi inatakiwa kesho. Video zimefutika?"

Hazikufutika. Alikuwa amezihamisha kutoka eksteno, yaani diski ya nje, kwenda kwenye laptopu ili kazi iende haraka. Faili la projekti halina video hata moja ndani yake. Limeandika anwani tu: diski ipi, folda ipi, klipu inaitwaje. Ukihamisha kitu, programu inabisha hodi nyumba ambayo watu walishahama. Ndiyo maana projekti ya harusi nzima inapita WhatsApp, wakati video zenyewe zinajaza diski. Hata Windows ikiipa eksteno herufi F leo, na jana ilikuwa E, wekundu ni uleule.

Nikamwambia abofye kulia kwenye klipu, achague Link Media, aioneshe moja ilipo. Zilizo folda ileile hufuata zenyewe. Dakika kumi baadaye ananiandikia: keki inakatwa, sauti ni ya mahubiri! Kamera mbili za Sony, zote klipu ya kwanza ni C0001.MP4, na yeye alikuwa amezitenganisha kwenye folda zinazoitwa "mpya" na "mpya 2". Akaonesha folda isiyo yake, programu ikabeba klipu ya kamera nyingine.

Mimi kila kazi ina folda yake moja: VIDEO, SAUTI, MUZIKI, PICHA, PROJEKTI. Ndani ya VIDEO kuna KAM-A KADI-1, KAM-B KADI-1, na kuendelea. Kadi naikopi yote na folda zake, siokoti klipu mojamoja. Majina nayapanga kabla ya kuingiza kwenye programu. Baada ya hapo siyagusi. Muziki aliotuma mteja kwa WhatsApp hautoki Downloads moja kwa moja kwenda kwenye taimulaini, pale klipu zinapopangwa. Huo ndio unaopotea kuliko vyote.

Mwezi uliopita mteja wa sendoff ya zamani alitaka vipande zaidi vya shangazi yake akicheza. Shangazi ameshafariki. Nikachomeka diski ya akiba, projekti ikafunguka bila hata klipu moja nyekundu, jioni akapata kazi yake. Aliniongezea hela bila kuombwa.

Studio fulani niliyowahi kufanya kazi walinicheka kwa huu mpangilio. "Hapa ni studio au masijala?" Kisha bosi mwenyewe akaformati diski apate nafasi, harusi ya watu ikaenda na maji, jina lililotajwa kwa mteja likawa langu. Mshahara wa mwezi ule sijauona hadi leo.

Kwa hiyo nyie vijana mnaotaka kufika mbali, nisikilizeni. Mna droni, mna lenzi za mkopo, mna rangi za kila aina mlizodaunilodi, diski ya pili hamna! Folda za kashe, zile faili za muda za programu, futeni mkitaka nafasi, programu itazitengeneza tena. Video za kamera hakuna wa kuzitengeneza. Na kadi usiiformati mpaka nakala iko sehemu mbili na umeifungua klipu ya mwisho ukaiona inacheza hadi tamati. Ile ya kwanza hucheza tu; kopi ikikatika, hukatikia huku mwishoni.