Mlonge na manjano havilindi ini la mtu anayeendelea kunywa

Dada uliyeuliza kama mumeo anaweza kuendelea na pombe yake ya mnazi mradi kila asubuhi anywe unga wa mlonge na manjano: hapana. Nimemuuguza mjomba wangu, mgema wa upande wa Ganda hapa Malindi, naye aliamini vivyo hivyo. Kopo la unga halikubanduka kando ya kitanda chake. Macho yaligeuka manjano, miguu ikafura. Ukibonyeza juu ya kifundo kwa kidole, shimo lilibaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

Pombe ikifika kwenye ini huvunjwa kuwa asetaldehidi, sumu kali kuliko pombe yenyewe, ndipo baadaye igeuzwe asetati, isiyo na sumu kali kama hiyo. Kwa mnywaji wa kila siku mwili huongeza kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) kiitwacho CYP2E1, nacho kikivunja pombe humwaga radikali huru, yaani chembe kali zinazoharibu seli za ini. Kinga kubwa ya seli hizo ni glutathioni, antioksidanti (kizima-radikali) ambayo ini hujitengenezea lenyewe kutokana na protini tunazokula. Pombe huimaliza, na mnywaji aliyeshiba mnazi sahani haiangalii, basi hana cha kuijazia. Kijiko cha unga kitafidia nini hapo? Hata vitamini E na silimarini (dawa itokanayo na mmea), ambazo madaktari wamezijaribu kwa wagonjwa wa ini la pombe, hazijathibitika kuokoa maisha. Manjano ya mchuzini haina neno, lakini vidonge vyake vyenye nguvu vimewahi kuumiza maini ya watu.

La kuangalia leo leo ni Panadol, yaani parasetamoli, anazomeza mumeo kichwa kikimuuma asubuhi. CYP2E1 hiyo hiyo hugeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu, na glutathioni ndiyo ya kuizima. Mtu mzima mwenye afya kikomo chake ni gramu 4 kwa siku. Mnywaji mkubwa hushauriwa asipite 2, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Mjomba alivimeza bila kuhesabu, na dukani hakuna aliyemuuliza.

Ini lililojaa mafuta tu, pombe ikiachwa, huanza kupona ndani ya wiki chache. Makovu ya sirosisi, yaani ini lililokwisha kukakamaa, hayafutiki yote, ila kuacha bado kunarefusha maisha. Tafadhali, kama mumeo huamka akitetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza, asikate ghafla nyumbani: anaweza kupata degedege na kufa. Mpeleke hospitali kwanza, apimwe na aachishwe chini ya uangalizi. Nyumbani mpikie kunde, mayai na samaki, umpe kidogo kidogo mara nyingi, hata akisema hana hamu.