Mimenyuko ya esta inanitoka kichwani: nianzie wapi?

Swali: Mwalimu, niko mwaka wa mwisho, Kemia-Biolojia, hapa Bukavu. Usiku nakariri mimenyuko ya esta, asubuhi imenitoka yote. Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inakaribia. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu mwanafunzi, weka orodha pembeni. Mbele ya kila molekuli jiulize: elektroni zimejaa wapi, na zimepungua wapi? Mimenyuko mingi utakayoulizwa ni elektroni zinazotoka penye wingi kwenda penye upungufu.

Chukua sabuni ya mawese. Mafuta yale ni esta, yaani asidi iliyoungana na alkoholi; hapa alkoholi ni gliseroli. Kwenye C=O, oksijeni huvuta elektroni kuliko kaboni (nguvu ya kuvuta, elektronegativiti, ni 3.4 kwa 2.5), kwa hiyo kaboni inabaki na upungufu. OH⁻ ya soda kostiki (NaOH) inazo elektroni za kutoa. Safari hiyo ya elektroni huchorwa kwa mishale. Mshale wa kwanza utoke kwenye jozi ya elektroni ya OH⁻ uingie kwenye kaboni hiyo. Papo hapo chora wa pili, kutoka bondi ya pili ya C=O hadi kwenye oksijeni yake. Hapa ndipo wengi hupoteza alama: wakiusahau, kaboni inabeba bondi tano, na mwisho wake ni nne. Wa tatu unarudisha C=O; wa nne unakata bondi kati ya kaboni na oksijeni ya gliseroli. Usianzishe mshale kwenye chaji chanya hata siku moja, kwa sababu hapo hakuna elektroni za kutoa.

Gliseroli inayoachia, ikiwa na chaji hasi, hunyakua H⁺ ya asidi iliyoundwa. Asidi inageuka chumvi, ndiyo sabuni, na mmenyuko haurudi nyuma. Ukitumia asidi badala ya soda, hurudi, na huishia kwenye msawazo, ambapo kwenda na kurudi vinalingana.

Hilo linaonekana hata kwenye mizani. Molekuli moja ya mafuta ina esta tatu: moli 3 za NaOH, yaani g 120, kwa takriban g 848 za mawese. Kilo 1 inahitaji karibu g 141. Soda ikizidi haina pa kwenda, inabaki ndani ya sabuni na kuunguza ngozi. Ndiyo maana watengenezaji wengi hupunguza kama 5%, wakapima g 134.

Sasa funga daftari, uchore mishale hiyo kwa CH₃COOC₂H₅ na NaOH. Ukifika kwenye CH₃COONa na ethanoli, weka NH₃ mahali pa OH⁻. Mishale minne ni ile ile. Kinachoongezeka ni kuondoa H⁺ moja kwenye nitrojeni, nawe umepata amidi ambayo hukuikariri.