Kabla Hujalipa Kodi ya Nyumba, Nunua Umeme wa Elfu Mbili

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata uhamisho, naripoti Dodoma tarehe mosi. Nyumba nimeshaoneshwa Ilazo, nzuri, ina tailizi mpaka jikoni. Sasa umeme na gesi nianzie wapi?" Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Baba watoto alikuwa pembeni anasikiliza, akasema, "Si uandike kabisa, maana hili umeshalisimulia mpaka kwenye kikoba."

Haya, naandika. Najua wengi mnaonisoma mko njiani kuja huku au mmeshafika, mna vibarua vipya Mtumba, mna kiwanja cha ndoto Nala au Iyumbu, na kwa sasa mnapanga. Mimi pia nilikuja hivyo.

Nilihama kutoka Morogoro Februari 2025. Nyumba nilitafutiwa na dalali, nikaiona kwenye picha na mara moja kwa macho, mchana, dakika kumi. Ipo Miyuji. Nilichouliza kuhusu umeme ni swali moja tu: "Umeme upo?" Dalali akajibu, "Upo mama, na luku ni yako peke yako, huchangii na mtu." Nilifurahi, kwa sababu Morogoro tulikuwa wapangaji wanne kwenye mita moja, na aliyenunua umeme leo ndiye aliyekuwa anasengenywa kesho. Nikalipa kodi ya miezi sita, nikampa dalali chake.

Fuso ilikuwa iondoke alfajiri, ikaondoka saa tano. Gairo tukapata pancha. Tulipopita Chamwino jua lilikuwa linazama, na mtoto mdogo alikuwa ameshalala mapajani kwangu na biskuti mkononi. Mtungi wangu wa gesi nilimwachia dada yangu, dereva alikataa kuuchanganya na magodoro, na alikuwa na haki. Kwa hiyo kabla hatujaingia nyumbani tukasimama dukani, nikanunua mtungi wa kilo 15. Wa kampuni yangu ya zamani haukuwepo, nikachukua uliokuwepo. Regulator (kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi) na mpira nilikuwa navyo kwenye beseni, vimefungwa na kanga. Nikajiona mama mwenye mipango.

Saa mbili usiku tumeingia. Nabonyeza swichi, kimya. Luku inasoma sifuri. Si tatizo, nikanunua kwa simu, umeme wa 15,000. Ujumbe ukaja. Nikausoma mara mbili: uniti 8.4. Shilingi 15,000 kwa matumizi ya kawaida huleta kama uniti 42! Zilizobaki zimekwenda wapi? Kodi ya jengo. Shilingi 12,000.

Hapa niwaeleze wale ambao hawajawahi kuikuta, maana nilijifunza kwa uchungu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakusanywa kupitia luku, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi. Usiponunua umeme mwezi fulani, ile 1,500 haifutiki, inakusubiri. Nyumba yangu ilikuwa imefungwa tangu Juni mwaka uliotangulia. Julai mpaka Februari ni miezi nane. Mimi niliyekaa ndani dakika arobaini nikalipia yote.

Lakini hilo lilikuwa robo tu ya balaa la usiku ule. Ujumbe wenyewe ulikuja na mistari mitatu ya namba, kila mmoja tarakimu 20. Nilizoea mmoja. Nikaona, hizi mbili za juu ni matangazo yao tu, nikaingiza ya mwisho. Mita ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Simu ina chaji asilimia tisa, na namba zote ziko humo humo. Watoto wanataka chai.

Nikasema ngoja niwashe gesi kwanza. Kwa mwanga wa simu nikaiweka ile regulator kwenye mtungi mpya. Haikukaa vizuri, nikaisukuma, ikalia "ka", nikajua imeingia. Nikafungua. Nikaweka sufuria. Halafu nikaona nisimalize chaji, nitafute mshumaa. Nikaupata. Kiberiti nikawa nacho mkononi.

Kijana anayekaa chumba cha uani, mwanafunzi wa UDOM, alikuja kusalimia wageni. Akasimama mlangoni. "Dada, kuna harufu hapa. Usiwashe."

Mimi pua yangu ilikuwa imejaa vumbi la safari, sikusikia kitu. Yeye akaingia, akafunga mtungi, akafungua mlango wa nyuma na madirisha yote, akatutoa nje na watoto. Tulikaa barazani na upepo wa Dodoma unatupiga, kama nusu saa, bila kuongea sana. Kisha akachukua sabuni ya kufulia, akaivuruga kwenye maji, akaipaka pale regulator ilipokutana na mtungi, akafungua gesi kidogo. Mapovu yakachemka kama uji. Ile regulator haikuwa ya mtungi ule. Ya kampuni moja haikai kila mara kwenye mtungi wa kampuni nyingine, hata ikilia "ka".

Baadaye ndiyo akaniuliza kuhusu umeme, nikamwonesha namba. Akacheka (sikuchukia, alikuwa ameshatuokoa). "Hii mita haikufanyiwa maboresho, nyumba ilikuwa tupu." Mnakumbuka mwaka 2024 tulivyotangaziwa kuhuisha mita kabla ya tarehe 24 Novemba? Mfumo wa namba za luku ulikuwa unahesabu dakika tangu mwaka 1993 na hesabu yake ilikuwa inafika ukingoni, dunia nzima, si kwetu tu. Sisi tuliokuwa kwenye nyumba tulihuisha, tukasahau. Nyumba iliyofungwa haikuhuishwa na mtu, na zile namba mbili za juu nilizodhani ni matangazo ndizo za kuhuisha. Akaingiza mstari wa kwanza, mita ikakubali. Wa pili, ikakubali. Wa tatu, taa ikawaka, na friji la watu wengine lililoachwa jikoni likaanza kunguruma. Simu yangu ilizima kama dakika tano baada ya hapo.

Asubuhi nikampigia mwenye nyumba kuhusu ile 12,000. Kwa adabu kabisa, "Shikamoo mzee." Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, hili wala si la kubishana, mpangaji anakatwa kwa sababu yeye ndiye anayenunua umeme, kisha wanatakiwa wamalizane. Akaniambia, "Mama, hayo ni mambo madogo, ndiyo maisha ya mjini." Shilingi 12,000 si nyingi, najua. Lakini mpaka leo nikipita pale Miyuji nakunja uso. Mtu anayekuachia deni dogo gizani siku ya kwanza, choo kikiziba utampigia simu mara ngapi? Mimi nilipiga kumi na nne.

Sasa ushauri, maana ndio ulioombwa.

Kabla hujalipa kodi ya pango, omba namba ya mita, ile ya tarakimu 11. Siyo swali la "umeme upo?", omba namba. Mwenye nia njema anakupa hapo hapo. Nunua umeme wa elfu mbili kwenye mita hiyo kwa simu yako mwenyewe. Ukipata uniti zinazoeleweka, vizuri. Usipopata, deni umelijua ukiwa bado na kodi yako mfukoni, na hapo ndipo mwenye nyumba anapokuwa msikivu. Angalia na jina linalotokea, kama ndilo la anayekupangisha. Elfu mbili hiyo ndugu yangu ni ada ndogo kuliko ya dalali.

Uliza mita iko kundi gani. Aliye D1 (kundi la watumiaji wadogo) analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, akizidisha zile za juu ni 350. Aliye T1 (matumizi ya kawaida) ni 292 kila uniti, na hapo kodi na tozo bado. Dalali anayekusifia kwamba "umeme wa hapa ni wa bei poa" anazungumzia bibi aliyekaa na taa mbili na redio. Wewe unakuja na friji, pasi na birika la umeme. Usipige bajeti kwa luku ya bibi.

Kwenye gesi, nunua regulator dukani siku ile ile, pamoja na mtungi, na muuzaji aifunge mbele yako. Mwambie apime. Muuzaji anatakiwa awe na mizani, siyo fadhila. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe; kama ni 14.2, basi mtungi wa kilo 15 ukipimwa usome 29.2. Mimi niliona aibu kudai hilo mpaka mtungi wangu wa pili ulipoisha siku ya ishirini na moja, nami napika wali na maharage kama kawaida yangu. Siku hizi nasimama pale na ananipimia, wenye foleni nyuma yangu wakiguna waache wagune.

Halafu upepo wetu. Wageni wa Dodoma mnafunga madirisha ya jikoni kwa sababu moto unazimwa na vumbi linaingia kwenye mboga. Ninawaelewa. Lakini gesi hii ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kulala sakafuni, na moto ukizimwa na upepo gesi inaendelea kutoka. Sogeza jiko, siyo kufunga dirisha. Na ukisikia harufu usiguse swichi, hata ya kuzima. Mimi usiku ule swichi haikuwa na umeme, kilichobaki kilikuwa kiberiti changu mwenyewe. Kina mama wenzangu, tunaombea nyumba zetu mpya, tunapaka mafuta milango, na regulator tunaisukuma kwa kiganja! Mungu ametupa na sabuni.

Mnaojenga, nitaandika siku nyingine. Kwa kifupi: maombi ya umeme mnafanya kwa simu kupitia Nikonekt, mfumo wa TANESCO, mkiwa na namba ya NIDA, na nyaya za ndani zifanywe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji), siyo shemeji.

Jumamosi mbili zilizopita tulihama tena, safari hii Nzuguni. Luku niliinunua siku tatu kabla, mtungi ulitangulia kwa bodaboda ukiwa umesimama wima. Fuso ilishusha vitu saa nne, saa tano na nusu nilikuwa nawapa wapakuzi chai na maandazi. Baba watoto akasema nimekuwa kamanda. Sikukataa.

Yule dada wa Ilazo amenijibu jana usiku. Aliweka elfu mbili. Uniti alipata, lakini jina lililotokea si la aliyemwonesha nyumba. Alipouliza akaambiwa ni la marehemu baba yao, mirathi bado inaendelea, na ndugu wako watano. Kodi hajalipa. Ananiuliza kama nasikia nyumba yoyote Kisasa.